Amplifaya ya valvu imegoma: kutafuta hitilafu ya umeme ukiwa Mtwara

Amplifaya ya gitaa ya miaka ya 1960 au 1970 ikiletwa kwa fundi huku Mtwara, mwenyewe huwa ameshaamua ugonjwa wake: "Fundi, valvu zimekufa." Mara nyingi valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, hazijafa. Kilichokufa ni mguso: pini iliyopata kutu, jeki iliyolegea, kiungo cha risasi kilichopasuka. Hewa ya chumvi, joto na mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili hula chuma cha nje kabla ya kufika kwenye kipuri cha ndani. Ndiyo maana hapa tutaanza nje, kwenye miguso isiyogharimu kitu, na karibu hakuna kipuri kitakachobadilishwa kabla hakijapimwa. Valvu ya kuagiza inaweza kukaa njiani wiki kadhaa, halafu ikifika ukute tatizo lilikuwa waya wa spika.

Ninamwandikia mtu anayejua kushika mita na kulehemu. Kama hujawahi kufanya hayo, ishia hatua ya nne, ukiziruka kazi za hatua ya pili zinazohitaji kufungua chasisi (sanduku la chuma lenye mzunguko wa umeme), kisha mpelekee fundi pamoja na maelezo ya ulichokiona. Utakuwa umempunguzia nusu ya kazi.

Kabla ya bisibisi

Redio ya transista ukiizima, imezimika. Amplifaya ya valvu sivyo. Kapasita zake kubwa za kuchuja, vipuri vinavyohifadhi chaji ili kulainisha umeme, hubeba volti 300 hadi 500 za DC, na chaji hiyo inaweza kubaki ndani hata plagi ikiwa imechomolewa tangu jana. Volti hizo zinaua.

Tengeneza kifaa cha kumwaga chaji: rizista ya omu 10,000, wati 5 au zaidi, iliyolehemewa nyaya mbili zenye vibanio na kufunikwa vizuri kwa plastiki. Chomoa plagi ukutani, bana upande mmoja kwenye chasisi, upande wa pili gusisha chanya ya kapasita, hesabu hadi kumi. Halafu pima kwa mita: usiendelee mpaka isome chini ya volti 10. Rudia kwa kila kapasita, kwa sababu zimetenganishwa na rizista na moja ikiisha nyingine huenda bado imejaa. Acha kibanio pale pale unapofanya kazi, maana kapasita kuukuu hujirudishia chaji kidogo kidogo zenyewe. Mtindo wa kupiga shoti kwa bisibisi ili cheche iruke na wateja washangae uache. Unaharibu kapasita na bisibisi.

Ukilazimika kupima umeme ukiwa umewashwa, bana waya mweusi wa mita kwenye chasisi, mkono wa kushoto weka mfukoni, tumia mmoja tu. Vaa viatu vikavu, simama juu ya ubao. Mwezi wa Januari hapa jasho linatiririka, basi futa mikono kila mara. Ngozi iliyolowa chumvi ni njia nzuri ya umeme. Mita ndogo ya njano ya bei rahisi inaweza kusoma volti hizi, lakini nyaya zake ndizo dhaifu. Nunua nyaya nene zilizoandikwa volti 1000. Na awepo mtu mwingine anayejua swichi kuu ilipo.

Hatua ya 1: inataka volti ngapi?

Soma bamba la nyuma kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Amplifaya nyingi za Marekani za wakati ule, Fender na Ampeg kwa mfano, zilitengenezwa kwa volti 110 hadi 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja, bahati nzuri ni fyuzi kukatika. Bahati mbaya ni transfoma kuungua, na hiyo ni ya kuagiza au kuzungushwa upya. Tafuta transfoma ya kushusha yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye bamba. Kwa hezi 50 transfoma ya ndani itapata joto zaidi kidogo kuliko kwao. Joto unaloweza kulivumilia kwa kiganja si tatizo.

Za Uingereza, kama Vox, Marshall na Selmer, mara nyingi zina kichaguzi cha volti nyuma. Hapo watu wengi huchagua 220 kwa sababu ndiyo namba wanayoijua. Pima kwanza umeme wa ukutani, jioni na tena usiku sana, maana matumizi yakipungua volti zinaweza kupanda hadi 245. Ukiweka kichaguzi 220 na ukutani kuna 245, kila kitu ndani kinapanda kwa uwiano huo huo: hita ya valvu (waya wa ndani unaoipasha moto) inayotakiwa kupata volti 6.3 inapata 7.0 (6.3 × 245 ÷ 220). Uvumilivu wa kawaida wa hita ni asilimia 10 juu au chini, yaani mwisho 6.9. Haitalipuka leo, ila umri wa valvu unaukata. Kwa hapa mimi huweka 240 au 245 na kusahau.

Jenereta ndogo ni habari nyingine. Msimu wa korosho, harusi zinapofuatana, amplifaya inachomekwa kwenye jenereta moja na friji, taa na mashine ya juisi. Pima pale pale kabla ya bendi kuanza. Zikipita 255, usichomeke.

Hatua ya 2: waya wa umeme na ethi

Hapa rangi zinaua. Kwenye waya wa zamani wa Uingereza nyekundu ni laivu (wenye umeme), nyeusi ni nyutro (wa kurudi), kijani ni ethi (wa ardhini). Kwenye waya wa Marekani nyeusi ndiyo laivu, nyeupe ni nyutro, kijani ni ethi. Waya wa sasa unaonunua dukani ni kahawia laivu, bluu nyutro, kijani yenye mistari ya njano ethi. Umeona nyeusi ilivyobadilika? Usibuni, fuata waya mpaka ndani, au pima.

Amplifaya za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilikuja na plagi ya pini mbili bila ethi, na ndani mna kapasita ndogo inayounganisha umeme wa ukutani na chasisi. Ikipata shoti, chasisi nzima inakuwa laivu, na kutoka hapo nyuzi za gitaa na midomo ya mwimbaji aliyeshika maiki. Mpiga gitaa akikuambia "inanitekenya mdomoni," usicheke wala usimwambie avae viatu. Kata kapasita hiyo, itoe kabisa. Funga waya mpya wa nyaya tatu, ethi ikifungwa kwenye chasisi kwa boliti yake peke yake, rangi imekwanguliwa mpaka chuma king'ae. Laivu ipite kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi. Plagi yetu ya pini tatu bapa iwe na fyuzi ya ampea 3, siyo 13. Mwisho pima kutoka pini ya ethi hadi chasisi: isome chini ya omu 1. Ukitumia transfoma ya kushusha, pima ethi ukipitia humo humo, kwa sababu nyingine zina tundu la ethi lisilounganishwa na kitu.

Hatua ya 3: spika na waya wake

Amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika. Ile ya transista huvumilia. Hii, sauti ikikosa pa kwenda, inaweza kutoboa transfoma ya sauti, ile iliyo kati ya valvu na spika. Chomoa spika na uipime kwa omu. Spika ya omu 8 itasoma 6 hadi 7 hivi. Ya 16 itasoma 12 au 13. Ya 4 itasoma 3 na kitu. Ikisoma mstari wazi (umeme haupiti kabisa), spika imekufa, na pengine ndiyo hitilafu yote. Sukuma koni taratibu kwa vidole pande zote; ukisikia inakwaruza ndani, koili imesugua, na huku sababu huwa kutu kwenye sumaku.

Kisha waya. Waya wa gitaa, ule wenye kizuizi cha mvumo ndani, usitumike kwenda kwenye spika hata kama jeki zinafanana. Ni mwembamba na ukipashwa joto hupiga shoti. Tumia waya wa kawaida wa nyaya mbili nene.

Jeki za kuingizia gitaa zina kiwiko kinachogusa wakati hakuna kitu kimechomekwa. Kiwiko hicho kikishika kutu, unasikia mvumo mkubwa bila gitaa na sauti inayokatika ukiwa na gitaa. Safisha kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kipande cha karatasi ngumu, siyo msasa. Petroli usiitumie. Mafuta ya kulainishia kufuli pia hapana, yanavuta vumbi.

Hatua ya 4: macho na pua

Chomoa, fungua mgongo, mulika kwa tochi. Kila valvu ina doa la fedha linalong'aa ndani ya kioo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo hairudi. Likiwa jeusi au kahawia bado inaweza kuwa nzima.

Tafuta lami iliyoyeyuka chini ya transfoma, kapasita iliyovimba au kutoa ute, rizista iliyobabuka, waya uliotafunwa na panya. Nyigu hupenda kujenga kiota cha udongo nyuma ya kabati. Udongo ukilowa unapitisha umeme, kwa hiyo utoe wote na upige brashi. Vuta harufu: transfoma iliyoungua ina harufu kali isiyosahaulika, na ukiinusa, ruka hadi hatua ya 5 kabla ya kutumia senti moja kwenye vipuri.

Valvu zikiwa nje, safisha pini zake na matundu ya soketi. Chovya kijiti chembamba kwenye isopropili, ingiza na kutoa. Tundu lililopanuka libane polepole kwa sindano. Nikitaja kazi moja inayofufua amplifaya nyingi zaidi hapa pwani kuliko zote, ni hii.

Hatua ya 5: balbu ya mfululizo

Sasa unaweza kuwasha, ila siyo moja kwa moja. Tengeneza ubao wenye soketi ya balbu na soketi ya ukutani, laivu ikipita kwenye balbu kwanza ndipo ifike kwenye amplifaya. Balbu iwe ya nyuzi, siyo LED. Zinaanza kuadimika madukani, lakini waulize wauzaji wa vifaa vya kuku: wanazo kwa ajili ya kulelea vifaranga. Wati 60 kwa amplifaya ndogo ya valvu moja ya nguvu (zile kubwa zinazosukuma spika), 100 kwa yenye mbili, 150 au 200 kwa yenye nne.

Washa ukiwa na spika. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka sana, zima mara moja. Toa valvu zote na uwashe tena:

- Bado inawaka sana: shoti iko kwenye transfoma ya umeme au nyaya zake. Angalia taa ya mbele na nyaya za hita kabla ya kuilaumu transfoma.
- Imefifia: rudisha valvu ya rektifaya, inayogeuza AC kuwa DC, peke yake. Ikiwaka, ni rektifaya yenyewe au kapasita za kuchuja, na mara chache transfoma ya sauti iliyopiga shoti kwenye chasisi.
- Inawaka baada ya kurudisha valvu za nguvu: ni mojawapo ya hizo, au bayasi yake, yaani volti inayodhibiti mkondo wake.

Kumbuka kwamba kupitia balbu volti zote zinasoma chini. Hita ikionyesha 5 badala ya 6.3 usianze kutafuta ugonjwa.

Hatua ya 6: isikilize

*Haiwaki kabisa.* Fyuzi kwanza. Ile iliyokatika uzi tu na kioo kikabaki safi imechoka. Iliyopakwa weusi au fedha ndani ya kioo imepigwa shoti kali, na ukiweka nyingine itakufa vilevile. Fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara ninakutana nayo sana. Aliyefanya hivyo alitaka kumaliza onyesho la usiku ule, na transfoma ndiyo ilimlipia. Weka namba iliyoandikwa, aina ya kuchelewa kukatika kama ndiyo iliyotajwa.

*Valvu zinawaka, sauti hakuna.* Swichi ya kusubiri (stendibai) imewekwa upande wa kupiga? Kama ndiyo, pima DC kwenye kapasita ya kwanza ya kuchuja. Hakuna volti: rektifaya. Zipo: nenda kwenye valvu za nguvu. Anodi, bati la nje la valvu, ni pini ya 3 kwa 6V6, 6L6 na EL34, na pini ya 7 kwa EL84. Anodi ikiwa haina volti huku skrini, waya uliozungushwa ndani ya anodi (pini ya 4, au ya 9 kwa EL84), inazo na inawaka nyekundu, transfoma ya sauti imekatika upande huo. Zima, mwaga chaji, pima omu zake: makumi hadi mia chache ni sawa, mstari wazi si sawa.

*Mvumo.* Huu una siri ambayo mpiga gitaa anaijua tayari masikioni. Umeme wetu wa hezi 50 hutoa mvumo wa aina mbili. Wa hezi 100 uko karibu kabisa na noti ya G, freti ya tatu ya uzi mnene wa gitaa, ambayo ni hezi 98. Huo ni wa kapasita za kuchuja zilizokauka. Wa hezi 50 uko oktava moja chini, freti ile ile kwenye besi, na huo hutoka kwenye hita, ethi mbaya au waya wa gitaa. Piga G, linganisha, umeshajua pa kuanzia. Miongozo ya Marekani itakuambia 60 na 120. Ni umeme wao.

Halafu shusha volumu hadi sifuri. Mvumo ukibaki, chanzo kiko baada ya volumu: ugavi wa umeme au valvu za nguvu. Ukipotea, kiko kabla yake. Zima, toa valvu ndogo ya kwanza, washa. Ikinyamaza ni hiyo au kilicho kabla yake. Endelea hivyo moja moja.

*Mikwaruzo na kukatika.* Nobu zikikwaruza ukizizungusha, nyunyiza dawa ya kusafishia miguso ndani ya potenshometa na uzungushe mara nyingi. Zikikwaruza hata baada ya hapo, pima DC kwenye potenshometa. Ikiwepo, kapasita iliyo kabla yake inavuja na dawa haitasaidia. Kwa viungo vilivyopasuka, gonga taratibu kwa kijiti cha mwanzi mkavu. Huku kwetu vipande vya mpingo vimejaa kwa wachongaji na vinafaa pia, mradi ni vikavu kweli na havijapakwa rangi ya viatu ya kung'arishia. Kiungo kinachopiga kelele ukikigonga, yeyusha risasi yake yote, iondoe, weka mpya.

*Kelele zinazobadilika na hali ya hewa.* Fender za zamani zina ubao mweusi wa faiba, unaobeba vipuri, unaofyonza unyevu na kuanza kupitisha umeme. Amplifaya inakuwa nzima kiangazi na mbovu masika. Bana waya mweusi kwenye chasisi, gusa ubao wenyewe kwa waya mwekundu mahali pasipo na kiungo; ukisoma volti kadhaa, umemkamata. Mwaga chaji, kisha azima drayer ya saluni na uupashe ubao moto wa wastani mpaka ukauke. Rizista za kaboni za kizamani nazo hunyonya unyevu na thamani yake hupanda: iliyoandikwa 100,000 ikisoma 140,000, ibadilishe.

*Valvu ya nguvu inawaka nyekundu kwenye bati la nje.* Zima sasa hivi, usimalizie wimbo. Bayasi imepotea. Pima gridi, mguu unaoingiza sauti na bayasi (pini ya 5, au ya 2 kwa EL84). Kwenye amplifaya inayopata bayasi kwa rizista ya kathodi (kathodi ni sehemu ya valvu inayotoa elektroni) inatakiwa iwe sifuri. Zile zenye ugavi hasi wa bayasi, kwa 6L6 na EL34, husoma kama hasi 30 hadi hasi 50. Ukikuta volti chanya, toa valvu hiyo na upime tena kwa haraka: zikibaki, kapasita inayopitisha sauti inavuja, zikipotea, valvu ndiyo mbaya. Hasi ikikosekana, badilisha kapasita ndogo ya bayasi kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 7: valvu ndogo kwa hesabu

12AX7, ambayo ndiyo ECC83, ina valvu mbili ndani: anodi pini 1 na 6, kathodi pini 3 na 8. Kwa kawaida kathodi husoma volti 1 hadi 2, anodi 100 hadi 250. Rizista ya kathodi ya omu 1,500 ikiwa na volti 1.5, mkondo ni miliampea 1, na rizista ya anodi ya omu 100,000 lazima idondoshe volti 100. Kwa hiyo ugavi ukiwa 250, anodi iwe 150. Anodi ikilingana na ugavi, valvu haipitishi: hita, au rizista ya kathodi imekatika. Anodi ikiwa sifuri, rizista yake ya omu 100,000 imekatika.

Vipuri

Kapasita za volti 450 zimo kwenye mbao za runinga bapa zilizokufa, na ni nzuri kama hazijavimba. Angalia ukubwa tu. Valvu ya rektifaya ya GZ34 inavumilia maikrofaradi 60 kwenye kapasita ya kwanza, na ya runinga inaweza kuwa 100 na zaidi. Ukiiweka pale unaua rektifaya kila inapowashwa. Iweke ya pili au ya tatu kwenye mstari. Kapasita yoyote ya kuchuja iliyo ya asili, yenye miaka 40 au 50, ibadilishe hata kama haijalalamika. Hapo tu ndipo ninapobadilisha bila kupima.

Ukimaliza, iache iwake saa nzima na spika yake, mgongo ukiwa umefunguliwa, ukiitazama. Kisha andika kwa kalamu kwenye kikaratasi volti ulizozisoma kwenye kila anodi na kathodi, umeme wa ukutani siku hiyo, na kichaguzi ulipokiweka, ukibandike ndani ya kabati juu, mbali na valvu.